Nchi Ambayo Wanaume Hawaugui

Kosa langu la kwanza Majabalini nililifanya kabla mguu wa pili haujavuka mpaka. Pale langoni kuna jiwe limechomoza katikati ya njia, na mimi nilikuwa natazama bendera. Nikajikwaa kidole gumba, nikapiga yowe: "Aii! Mama yangu wee!"

Afisa wa lango, bwana mwenye kifua kipana na shingo fupi, aligeuka huku na huku akimtafuta aliyelia.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, afande. Nimejikwaa."

"Haiwezekani. Wewe ni mwanamume." Alinikagua kutoka kofia hadi ndala kuhakikisha. "Una mke?"

"Ninaye, yuko nyumbani."

"Basi aliyejikwaa ni yeye. Ukirudi umpe pole."

"Na ningekuwa sina mke?"

"Angekuwa mama yako."

"Mama alishafariki."

"Dada?"

"Dada yupo."

"Unaona?" alisema kwa kuridhika. "Hakuna mwanamume aliyewahi kukosa mtu."

Nilimtazama usoni nikitafuta mzaha, sikuupata. Kidole kilikuwa kinatoa damu, naye akakiangalia kwa heshima kama mtu anavyoangalia picha ya mgonjwa aliye mbali.

Yafaa niseme mapema mimi ni mtu wa namna gani. Mimi napenda kuugua. Sisemi napenda ugonjwa, la hasha, napenda kuugua. Nikipata mafua, redio huzimwa, supu ya kuku huchemshwa, na mimi hulala na shuka hadi kidevuni nikiwausia watu mmoja mmoja. Mke wangu Mwanaharusi husema siku nitakayokufa kweli hatakuwa na chozi hata moja, kwa kuwa nimeshayamaliza kwa vikohozi. Kwa hiyo ninayoyaeleza hapa nimeyaona kwa macho ya mtu aliyefika katika nchi inayokataza kitu anachokipenda, na kama nitaonekana kukasirika mahali fulani, ni kwamba nilikasirika.

Sheria ya Uzima ya Majabalini ni fupi. Mwanamume haugui. Ikionekana kana kwamba anaugua, basi anayeugua ni mkewe, au mama yake, au dada yake, kwa utaratibu huo. Mwanamke huyo ndiye alalaye, ndiye aendaye hospitali, ndiye apewaye dawa. Wenyewe wanaita kubebea. Wanasimulia kwamba mtawala wao wa kwanza alishikwa na homa siku ya vita, mkewe akajilaza hemani badala yake ili askari wasivunjike moyo, na vita wakashinda. Hakuna aliyeuliza kama maadui nao siku hiyo walikuwa na homa.

"Kwa kuwa umekuja bila mbebaji," afisa aliniambia, "utakaa kwa Jabali Makungu. Mkewe ana nafasi."

Huko kila mwanamume huitwa Jabali, kama sisi tunavyosema Bwana. Makungu alikuwa fundi mwashi, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa, ambaye alinipokea mzigo bila kuuliza nimetoka wapi. Nilimpenda tangu mwanzo. Mkewe Siwatu ndiye aliyekuwa na maneno. Alikuja ukumbini akicheka, na alipocheka nikaona hana meno mawili ya mbele.

Nilikuwa nimeshaona jambo hilo njiani. Wanawake wa Majabalini wengi wana mapengo, na wanaume wengi wana mashavu yaliyovimba. Nikadhani ni urembo wa kwao, maana kila nchi na mapambo yake. Kusalimiana kwao pia kulinishangaza. Wanaume huulizana, "Umesimama?" na jibu ni, "Nimesimama," hata kama anayejibu ameshikilia ukuta. Wanawake huulizana, "Unabeba nini leo?"

"Nabeba kiuno, na homa kidogo."

"Pole yake."

Siku chache baadaye nilishikwa na mafua. Nilifurahi, nakiri. Nikaanza kuandaa sauti yangu ya wosia, nikatafuta shuka. Kabla sijaipata, Siwatu alikuwa ameshalala kitandani akiwa amejifunga kitambaa kichwani.

"Mafua yamenibana," alisema, mzima kama chuma.

Majirani wakaja na limau. Wakaja na chai ya tangawizi, na uji wa pilipili manga, na maneno matamu. Nilikaa kwenye kigoda kamasi zikinichuruzika, nikamtazama mwanamke wa watu akinywa chai yangu. Sijawahi kuonewa namna ile. Majirani walipoondoka alinisogezea kikombe, kikiwa nusu.

"Kunywa upesi, shemeji, mtu asije akakuona."

Kesho yake ilibidi aende hospitali kuyabeba mafua yangu rasmi, nami nikamsindikiza kama desturi inavyotaka. Hospitali yenyewe huitwa Nyumba ya Wanawake. Madaktari wote ni wanawake, kwa sababu mwanamume kujua jina la ugonjwa ni aibu. Wodini wanawake walikuwa vitandani, wakisukana nywele, wakimenya machungwa, mmoja akifuma kitambaa cha meza. Chini ya kila kitanda, sakafuni, alikaa msindikizaji wake, mwanamume, anatetemeka au anahema au amejikunja kama jongoo.

Daktari Mwanamvua, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi, alikuwa akipita kitanda hadi kitanda.

"Unakohoa?" alimwuliza mwanamke mmoja.

"Nakohoa, daktari."

Chini ya kitanda mumewe akakohoa.

"Kikavu au cha makohozi?"

Mwanamke akasubiri. Mume akakohoa tena. "Cha makohozi," mwanamke akajibu.

Daktari akampa vidonge. "Meza asubuhi na jioni. Na ukivisaga ukavitia kwenye uji wa nyumbani, mimi sitauliza uji ule ameunywa nani."

Hapo ndipo nilipoelewa jinsi nchi ile inavyoishi. Kila mke anasaga. Mume anakula uji mchungu, anasema umekolea, anapona, na sheria inabaki salama. Nilimwambia Siwatu tulipokuwa tukirudi kwamba mpango huo si mbaya sana, kila mtu anapata chake. Alisimama njiani akanitazama.

"Vidonge, sawa. Na sindano je? Sindano utaitia kwenye uji? Na jino?" Alifungua mdomo akanionyesha mapengo kwa kidole. "Haya mawili ya mbele ni ya Makungu. Hili la pembeni ni la marehemu baba mkwe, Mungu amrehemu. Yangu mimi hayajawahi kuuma hata siku moja."

Nikamwuliza kama yeye mwenyewe, kwa nafsi yake, aliwahi kuugua.

"Mara moja. Malaria, tena yangu mwenyewe, ya halali. Watu wakajua tu ni ya Makungu. Wakamwendea kwa mlango wa uani kumnong'oneza pole, wakamletea supu ya kuku. Akala yote, maskini, hakutaka kuwavunja moyo. Na kwenu huko, mwanamke akiugua, inakuwaje?"

"Analala."

"Nani anapika?"

Nilifikiri kidogo. Nilimfikiria Mwanaharusi. "Akishapika," nilisema, "analala."

Siwatu akacheka mpaka akashika mti. "Kumbe nchi yetu ni kubwa kuliko nilivyodhani!"

Juma hilo nilialikwa barazani kusikiliza mjadala. Baraza la Majabali hukutana kiwanjani, na kila mwanamume ana jiwe lake la kukalia, lililorithiwa kwa baba na babu. Mawe hayo yamechongwa nundu katikati, makusudi, ili mwanamume asije akakaa kwa starehe akalegea. Jiwe la Makungu lilikuwa la babu yake, na alilipangusa vumbi kwa kiganja kabla ya kukaa. Mwanamume akivunja Sheria ya Uzima, yaani akitamka kwa kinywa chake kwamba anaumwa, haadhibiwi kwa fimbo wala kifungo. Jiwe lake hugeuzwa juu chini, na haitwi Jabali tena. Makungu aliniambia tangu azaliwe hajaona jiwe likigeuzwa. Aliniambia pia, na hilo lilikuwa fungu refu kuliko yote niliyowahi kumsikia akisema, kwamba babu yake alikufa amekaa juu ya jiwe lile, na watu hawakujua mpaka mvua iliponyesha naye asiondoke.

Mada ya siku ilikuwa chafya. Je, mwanamume akipiga chafya, ameugua au hakuugua?

"Chafya ni nguvu inayotafuta njia!" alisema mmoja.

"Kama ni nguvu, mbona inatoka na kamasi?" alijibu mwingine, na upande wake ukapiga makofi.

Aliyekata shauri alikuwa Jabali Kisiki, Mkaguzi Mkuu wa Uzima. Huyu ni mashuhuri. Mafundisho yake yanazunguka kwenye simu za vijana wote wa nchi ile: jinsi ya kukaza taya, jinsi ya kuoga maji baridi huku unatabasamu, jinsi ya kutojibu mtu akikuuliza hali. Ana mguu wa kushoto ulioumia zamani, anauburuta kama gunia, na mkewe Bi Tunu ndiye anayetembelea magongo. Bi Tunu miguu yake mizima kabisa. Niliwahi kumwona sokoni akimkimbiza kuku, magongo yamo kwapani.

"Machozi ya mwanamume huingia tumboni," Kisiki alinguruma. "Na chafya nayo ingerudi ilikotoka kama tungekuwa wanaume wa zamani! Lakini kwa huruma ya Baraza, chafya iruhusiwe, mradi mpigaji awe amesimama na ameelekea upande wa adui."

Wakashangilia. Kisha mmoja akauliza adui yuko upande gani, maana nchi haijapigana tangu enzi za mababu, ikabidi iundwe kamati.

Wakati wa makofi nilimwona Makungu hapigi. Alikuwa ameweka mkono ubavuni, upande wa kulia, chini. Jasho lilimtiririka mpaka shingoni. Wenzake wakamsifu: tazama jasho la mwanamume hilo!

"Umesimama, Jabali?" nilimnong'oneza.

"Nimesimama," alisema, na hakuweza kusimama.

Nilimfikisha nyumbani kwa kumtolea bega huku nikijifanya mimi ndiye ninayemwegemea. Siwatu alikuwa akipepeta mchele. Alimwangalia mumewe mara moja tu, akatua ungo, akaingia ndani akalala.

"Naumwa tumbo," alisema kwa sauti ya majirani kusikia. "Upande wa kulia, chini. Nimeumwa tangu jana na sikusema."

Machela ikaletwa. Kwa desturi yao mume ndiye humbeba mkewe mgonjwa, mbele, ili watu waone nguvu zake. Basi nikaona kwa macho yangu jambo ambalo nikilisimulia kwetu watu huniambia naongeza chumvi: Makungu, mwenye tumbo linalowaka moto, ameshika machela mbele, mimi nyuma, na juu yake amelala Siwatu, mzima wa afya, anamtazama mgongoni na kuuma kanga. Kila hatua chache mumewe alitetereka, naye akawa anapiga kelele za maumivu kwa niaba yake. Alijua mahali hasa pa kulia. Watu wa njiani walisema, pole yake, pole yake.

Daktari Mwanamvua alimlaza Siwatu kitandani, akamwambia Makungu asimame karibu amshike mgonjwa mkono. Akambonyeza Siwatu tumbo kwa vidole, na wakati huohuo kiwiko chake kikamgusa Makungu chini ya ubavu, kwa bahati mbaya iliyofanywa kwa ustadi mkubwa. Macho yakamtoka Makungu.

"Aii!" Siwatu akalia upesi. "Hapo hapo, daktari!"

Daktari akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Ni kidole tumbo. Kimeshavimba. Kisipokatwa leo kitapasuka." Kisha akamwinamia Siwatu, nami niliyekuwa karibu nikasikia. "Mdogo wangu, hiki hakipikiki."

Upasuaji Majabalini hauanzi bila Mkaguzi wa Uzima kushuhudia. Jabali Kisiki akaja akiburuta mguu, Bi Tunu nyuma yake na magongo. Manesi wakamvisha Siwatu shuka la kijani, wakamsogeza kwenye kitanda cha magurudumu. Makungu aliegemea ukuta, midomo imekuwa ya kijivu. Alikuwa akimtazama mkewe kama mtu anayetazama nyumba yake ikiungua huku mikono imefungwa.

Mimi nilishindwa. "Jamani, wenzangu! Mficha maradhi kifo humuumbua!"

"Hayo ni ya kwenu," alisema Kisiki. "Hapa mficha maradhi ndiye mwanamume."

Wasindikizaji waliokuwa sakafuni wakapiga makofi, wale waliokuwa na uwezo.

"Lakini mtamkata mama huyu bure, na mwenye tumbo atakufa!"

"Mgeni," alisema kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto, "Majabalini hakuna mwanamume aliyewahi kufa kwa ugonjwa. Uliza popote."

"Wanakufa kwa nini basi? Mbona mji umejaa wajane?"

"Kwa ghafla. Tatizo letu ni moja tu hapa, ghafla. Wizara inalishughulikia."

Akaashiria kitanda kisukumwe. Magurudumu yakaanza kulia. Ndipo Siwatu alipoinuka akakaa kitako, akashika mlango wa chumba cha upasuaji kwa mkono mmoja.

"Subirini. Mimi siumwi."

Nesi akaachia kitanda.

"Unasemaje?" akauliza Kisiki.

"Nasema siumwi. Tumbo langu zima. Jana nimekula makande bakuli zima, na sasa hivi nina njaa."

Maelfu ya wake walikuwa wamesema "naumwa" katika jengo lile. Hakuna aliyewahi kusema hili jingine, na sheria haikulitarajia. Lakini Kisiki hakupata cheo bure. Alikuna kidevu, akatabasamu.

"Vema kabisa. Mke mzima, mume mzima, basi hapa hakuna mgonjwa. Daktari, rudisha vifaa. Nanyi nendeni nyumbani salama."

Sheria ilikuwa imekamilika, haina tundu. Siwatu akashuka kitandani, akajifunga kanga juu ya shuka la kijani. Fundo likamshinda mara mbili. Mle ndani nilimchukia kila mtu, na mimi nikiwemo, kwa kuwa nilikuwa na mdomo wa kulalamikia mafua na sikuwa na msaada wowote.

"Baba Riziki," alimwambia mumewe, "twende. Machela iache, mimi natembea."

Akatangulia. Makungu akamfuata. Alipiga hatua, akapumzika, akapiga nyingine, mpaka akafika kizingitini, akashika mwimo wa mlango kwa mikono yote miwili kama anayezuia nyumba isianguke.

"Mama Riziki."

"Abee."

"Naumwa." Alilisema chini sana, kifuani.

Siwatu hakugeuka mara moja. Machozi yalikuwa yanamtoka, na sauti yake ilikuwa kali. "Mimi si daktari. Mwambie daktari."

Makungu akageuka kumtazama Daktari Mwanamvua. Akafungua mdomo, ukatoka upepo. Akafungua tena. Nimewahi kuona mtu akitafuta neno la lugha ya kigeni, lakini sijaona akilitafuta kwa jasho kiasi kile.

"Daktari," alisema. "Naumwa. Hapa." Akajigusa. "Mimi."

Halafu likamtoka. Aii! Lilikuwa refu, la miaka mingi, likaenda mpaka mwisho wa wodi. Chini ya vitanda wanaume wakaziba masikio, na mmoja nilimwona akilia.

"Mleteni," alisema daktari, ambaye glavu hakuwa amezivua hata kidogo.

Kisiki akatangaza kwamba jiwe la mtu huyu ligeuzwe, na kwamba kuanzia sasa ataitwa Makungu tu. Lakini aliongea na mgongo wa manesi.

Makungu alipona. Kulala kitandani, hata hivyo, hakukujua. Nilimkuta amenyooka kama ubao, mikono ubavuni, anaomba radhi kila anayepita. Siwatu alikaa kando yake anamenya chungwa, na alipomaliza kulimenya alilila mwenyewe.

"Sasa nafanyaje?" Makungu aliniuliza.

Hatimaye nchi ile ilikuwa imepata kazi ya kunipa. Nikavuta kigoda, nikamfundisha. Nilimwonyesha namna ya kuomba mto wa pili, namna ya kuguna mtu anapoingia na kunyamaza akitoka, namna ya kusema "nitajaribu kula kidogo" na kumaliza sahani. Alikuwa mwanafunzi mwepesi.

"Shemeji," Siwatu akanikatiza, "usimfundishe yote."

Wanaume wakaanza kuja. Wa kwanza walisema wamekuja kuitazama aibu. Waliitazama, wakazungukazunguka, hawaondoki. Mmoja mwenye shavu limevimba kama andazi alisubiri wenzake watoke, akainama.

"Ulipolisema lile neno, liliuma?"

Makungu alifikiri kwa uaminifu. "Kidogo kuliko tumbo."

Yule bwana akashika shavu lake akaenda zake, na kesho yake nilimwona kwenye foleni ya meno, yeye mbele, mkewe nyuma amebeba mkoba.

Siku ya kuondoka kwangu nilipita barazani kuaga. Jiwe la babu yake Makungu lilikuwa limegeuzwa kweli, nundu imezama ardhini, na juu palikuwa tambarare, laini, hapajakaliwa na mtu tangu dunia iumbwe. Makungu alikuwa amekaa hapo. Nilizoea kumwona amekaa kwa kujikaza, kumbe mgongo wake ulikuwa mrefu hivi. Alinipungia mkono akiwa ameegemea nyuma, na wenzake, juu ya nundu zao, wakajisogeza huku na huku wakimtupia jicho.

"Linakaaje?" mmoja akamwuliza pembeni ya mdomo.

"Kaa uone."

Jabali Kisiki alikuwa amesimama mbele akitoa taarifa ya kamati kuhusu upande wa adui. Mguu ulikuwa unamsumbua siku ile; alikuwa akihamisha uzito, anakunja uso, anaendelea. Bi Tunu alikuwa ukutani nyuma yake kama kawaida. Alimsikiliza kwa muda. Kisha akayatoa magongo kwapani, akayaegemeza ukutani, yote mawili, karibu na mkono wa mumewe.

"Mimi naenda sokoni," alisema.

Akaenda, kwa miguu yake, tena haraka, kanga inapepea. Kisiki hakugeuka. Alipandisha sauti, akasema adui yumkini yuko kaskazini.

Niliwaaga, nikashika barabara ya mpakani nikiwaza nitakavyofika nyumbani nimwulize Mwanaharusi mara ya mwisho aliugua lini, na kama alilala kabla ya kupika au baada. Kwenye kona nikageuka kuitazama Majabalini kwa mara ya mwisho. Kisiki alikuwa bado anahutubia, na ukutani lilikuwa limebaki gongo moja.